Nusu Kikombe

Daktari Anyesi alikuwa amechoka kuhesabu. Kwa miaka thelathini na moja ameinamia darubini akihesabu seli nyeusi za ubongo, zile ambazo zikifa mtu huanza kutetemeka, na hadi leo hajui kinachoziua. Asubuhi hiyo alikaa kuandika barua ya kustaafu. Hajafika mbali, hodi ikapigwa.

Alikuwa Bi Perpetua, na chupa ya chai kwapani. Marehemu mumewe, Gervas fundi saa, aliusia ubongo wake uletwe hapa maabara.

"Nimekuja kumwona," alisema.

Daktari hakuwa na nguvu ya kubishana. Akaweka kipande cha Gervas chini ya darubini. Bi Perpetua akainama, akakawia.

"Hivi vidoa vyeusi ndivyo vilivyobaki?"

"Ndivyo, mama. Vichache mno."

"Vichache? Hivi ndivyo vilivyokuwa vinanishika mkono kila jioni."

Bi Perpetua akafungua chupa, akamimina chai, akaishia katikati ya kikombe. Akashtuka.

"Niwie radhi, mwanangu. Miaka tisa nilimmiminia Gervas nusu, asije akajimwagia. Lete nikujazie."

"Acha, mama. Inatosha."

Daktari akaisogeza barua kando, akakinyanyua kikombe kwa mikono miwili. Bi Perpetua, huku macho yake yamerudi kwenye darubini, alikuwa tayari amekinga kiganja chini ya kikombe.