Ukurasa Mtupu

Tangu asubuhi nilikuwa nimeinamia kompyuta ya Baba, shingo imekakamaa. Programu ya kutunza nywila ilitakiwa yenyewe imwandikie nywila ili afungue barua pepe, na kila mara barua pepe iliikataa.

"Mfumo huu wa Linux uliniwekea wewe," alisema huku akifuta miwani. "Sasa unanichezea."

Nilihisi programu inaandika haraka mno, herufi za mwanzo zinapotea njiani. Nikaipunguza mwendo. Na kwa kuwa mahali pa nywila huonekana vidoti tu, nikafungua ukurasa mtupu ili nione kinachoandikwa, nikabonyeza programu iandike.

"Hapo usi..." Baba alianza.

Herufi zikadondoka moja moja, kama matone ya bomba lisilofungwa vizuri.

rudinyumbanimwanangu

Mimi sijawahi kuondoka katika nyumba hii. Aliyeondoka ni kaka, miaka sita sasa, siku Baba alipomwambia asikanyage tena hapa. Tangu hapo jina lake halitajwi humu ndani.

Baba hakuvaa miwani. Kidole gumba kiliendelea kusugua kioo ambacho kilishatakata zamani.

"Zimetoka zote?" aliuliza.

"Zote, Baba."

"Basi futa."

Nikaweka kidole kwenye kitufe cha kufuta. Sikukibonyeza.

"Namba yake ya simu," alisema bila kunitazama, "bado ni ile ile?"