Kijimeli cha Rangi ya Kucha

Siku hizi vita vya angani tunavicheza sisi wanawake, mezani. Tunavyosogeza vijimeli jioni, ndivyo meli zenyewe zinavyofanya asubuhi. Mimi huchezea Mirihi, jirani yangu Bi Shufaa huchezea Mwezi. Kila mmoja ana mwana huko juu, basi miaka nenda miaka rudi tunazungusha tu, tukinywa kahawa, hakuna anayempiga mwenzake.

Leo Bi Shufaa anaumwa. Wameniletea Nasriya, binti mwenye adabu, asiye na mtu huko juu. Amesifu vitumbua vyangu, kisha akainamia meza.

"Shangazi, mbona hiki kimepakwa rangi ya kucha?"

Ndimo alimo Haitham wangu. "Urembo tu," nikamjibu.

"Kimependeza," akasema, akitikisa dadu. "Basi nianze kukipiga hiki."