Mlango wa Jiko Ufungwe

Makopo mengine yalikwisha kujificha nyuma ya mtungi wa gesi, lakini hili la mwisho liligoma. Fundi cherehani akalisukuma kwa goti, sikio likiwa nje. Mama mkwe alikuwa anateremka garini, na mwanawe alikwisha kumwekea kinasa sauti mdomoni hata hajakanyaga chini vizuri.

Huyo mwana, mume wa fundi, ndiye yule Mtangazaji wa asubuhi, anayewafundisha watu kwamba chakula cha nyumbani ni rahisi, ni cha haraka na hakimalizi pesa. "Maharage yako kidogo, kitunguu, nyanya, na kabla hujamaliza kupiga soga na jirani, mezani!" Kabla ya soga! Maharage makavu! Mtu mwenyewe hajui hata kiberiti kinakaa wapi. Mara moja tu alijaribu kuchemsha yai, na sufuria ile ikaishia jalalani.

"Mama yangu," aliwaambia wasikilizaji kila alipopata upenyo, "alishinda kazini, na bado hakufungua kopo hata siku moja. Akirudi anaingia jikoni, anafunga mlango, anaimba. Wimbo ukiisha, chakula tayari." Wiki iliyopita mdomo ukamponza zaidi. "Kopo likionekana nyumbani kwangu, naacha kazi hii, na mnishuhudie!"

Simu zikamiminika za kumpongeza. Mkewe alisikia haya akiwa kazini, sindano ikamchoma kidole. Kazi hiyo ndiyo iliyowapa nyumba. Sare za shule alizoshona yeye zingewapa labda mlango wake.

Si kwamba alipenda kudanganya. Lakini mtu umekanyaga cherehani tangu asubuhi, unarudi miguu imevimba, na bwana amejinyoosha kwenye kochi anauliza leo umeunga nini. Jioni moja akanunua kopo la maharage yaliyokwisha kupikwa. Bwana akalamba mpaka sahani. Basi ikawa ndiyo mtindo: akirudi anafungulia redio kwa sauti kubwa, kipindi cha marudio, na mumewe akihubiri humo redioni, yeye anakata kopo. Matupu aliyabeba kwenye mkoba wake. Kule karakana hakuna fundi aliyekosa kopo la vifungo.

"Karibu, mama! Nikupokee mkoba," alisema sasa, akijifuta magoti.

"Acha, mwanangu. Huu naubeba mwenyewe."

Mtangazaji akajipenyeza katikati yao na kinasa sauti chake. "Wasikilizaji wapenzi, leo mama anaonja mapishi ya mkwewe. Na mama yangu hana kuficha, atasema ukweli mtupu!"

Fundi akarudi nyuma hatua moja, kuelekea mlango wa jiko. Mama mkwe akamtazama usoni, akamtazama miguuni, kisha akamgeukia mwanawe.

"Sionji cha mtu. Leo napika mimi."

"Mama, wewe mgeni! Haiwezekani kabisa!" Fundi alikwisha kusimama mbele ya mlango wa jiko, mikono imetanda.

"Pisha, mwanangu. Na kama kuna gazeti kuukuu, nipe la kufungia maganda."

Akaingia na mkoba wake. Komeo likalia. Wimbo ukaanza, na ulikuwa wimbo kwelikweli, vikombe kabatini vikatetemeka. Mtangazaji akafumba macho na kubandika kinasa sauti mlangoni. "Unasikia?" akanong'ona. "Hivi hivi nilipokuwa mtoto. Hata baba hakuthubutu kuingia."

Mkewe hakusikia wimbo. Alikuwa anawaza gesi. Mtungi aliufunga mwenyewe asubuhi. Ili kuwasha jiko, lazima mama aufungue. Ili kuufungua, lazima ainame.

Wimbo ukakatika.

Fundi akaanza kuisokota ncha ya gauni lake. Aliona nyumba inaondoka, aliona jina la mumewe linachekwa mitaani, na chanzo ni yeye na uvivu wake, maana hivyo ndivyo watakavyouita. Alitamani kulia.

Ghafla wimbo ukaanza tena, mkubwa kuliko mwanzo.

Chakula kilipokuja, Mtangazaji alionja kijiko kimoja na machozi yakamlenga. "Ladha ya mama!" akakiambia kinasa sauti. "Hii hainunuliwi popote, wasikilizaji!" Kisha, kwa huruma ya mtu aliyeshiba, akamgeukia mkewe. "Wewe hujambo, mke wangu. Umekaribia. Lakini bado hujafika hapa." Akaongeza sahani ya pili. "Mama, waambie siri ni nini."

"Ni upendo, baba. Na mlango ufungwe."

Mkewe hakungoja zaidi. Alikusanya vyombo mbio mbio, akaingia jikoni na kuchungulia nyuma ya mtungi. Hapakuwa na kopo hata moja. Akapiga magoti, akapapasa sakafu.

Nyuma yake komeo likalia. Mama mkwe alikuwa anasukumia kitu ndani ya mkoba wake, kifungua kopo kilichochakaa mpini. Kisha akamkabidhi mkwewe furushi la gazeti, zito na bapa, lililokanyagwa vizuri.

"Katupe mtaa wa pili, si pipa la hapa," akanong'ona. "Na kesho nunua yale ya lebo ya kijani, mwanangu. Ndiyo niliyomlelea huyo."