Hesabu ya Tai Mlangoni kwa Nguchiro

Kikohozi kilipoingia mwituni, Tai alikaa peke yake juu ya jabali lake, wala hakupiga hata chafya. Nguchiro walikuwa kumi na wawili katika shimo moja la kichuguu, wakilala wamebanana, maana hawakuwa na pengine. Walikufa kumi na mmoja.

Kikohozi kilipopita, Tai alizunguka akitangaza hesabu yake. Akamkuta Bi Nguchiro amekaa mlangoni, na jua limeshapanda.

"Mbona hujaenda kutafuta chakula?"

"Kwetu hatuondoki asubuhi mpaka wote watoke, Bwana Tai. Nawasubiri wenzangu."

Tai aliona shimo liko kimya, lakini hesabu yake aliipenda mno.

"Usihuzunike sana," akasema. "Nimejumlisha miaka yote waliyopoteza waliokufa, nikaigawanya kwa wanyama wote. Kila mmoja wetu amepunguziwa mwaka mmoja tu wa kuishi."

Bi Nguchiro akainua uso kwa mara ya kwanza tangu msiba.

"Mwaka mmoja tu? Kumbe mwakani watatoka."

Bi Nguchiro akasogea kando kidogo, asije akawazibia njia.