Bunduki ya Kutundikwa Kanisani

"Toa risasi tu, fundi. Usiguse kingine," alisema Ermelinda.

Bortolo aliitazama ile bunduki ya marisau kama mtu aliyewekewa panya mfu mezani. Mitutu yake miwili ilikuwa imeshika kutu, kitako kimepasuka, nyundo za kugongea risasi zimelegea. Kibaya zaidi, juu ya mitutu lilichongwa jina la babu yake, aliyeiunda katika karakana hii hii.

"Na Jumapili ikatundikwe kwa Bikira Maria ikiwa hivi? Mji mzima wa Gardone usome jina letu juu ya uchafu huu?"

"Padri amekubali. Ni nadhiri."

Bortolo akacheka kwa pua. Ni kweli, wawindaji wa bonde lile walioponea chupuchupu walizitundika bunduki zao ukutani mwa kanisa la mlimani. Lakini hao walikuwa wanaume hasa. Battista, mume wa mama huyu, asingempata hata kuku aliyefungwa kamba.

"Mbona hakuileta mwenyewe?"

"Kalewa."

"Saa nne asubuhi! Bikira Maria ana kazi."

Akaifungua bunduki, akachomoa risasi mbili. Kila moja ilikuwa imebonyea kidogo chini, pale ilipogongwa. Zote mbili hazikulipuka.

"Springi zimechoka," alisema. "Niachie mpaka Jumamosi. Nitatia mpya, nisugue kutu, nizibe ufa, nipake mafuta. Bure. Wala sikufanyii hisani wewe. Namsitiri babu yangu."

"Hapana. Ibaki ilivyo."

"Mama, bunduki isiyolia ni fimbo! Unataka watu wamshukuru Mungu kwa ubovu?"

"Ndiyo."

Jibu hilo lilimchefua. Watu wasiojua kitu ndio wabishi kuliko wote. Akachukua bisibisi.

"Hebu nikuambie ilivyokuwa. Nguruwe mwitu kamjia, kafyatua, kimya. Kafyatua tena, kimya. Akapanda mti kama paka, na leo anauita muujiza! Mwenye kuleta shukrani hapo ni nguruwe."

Ermelinda aliweka kiganja juu ya nyundo, bisibisi isizifikie.

"Hakukuwa na nguruwe, fundi. Battista alikuwa kitandani, amelala. Mara zote mbili nilifyatua mimi."