Chupa Thelathini na Sita

Kila mwezi chupa zote thelathini na sita, moja kwa kila mtoto, zilirudi tupu. Mwaka mzima, hakuna mzazi aliyerudisha hata kidonge kimoja. Elinipa, nesi wa utafiti kwa miaka saba, hakuwahi kuona watu watiifu namna ile.

Na bado dawa ilikuwa imeshindwa.

Nusu ya watoto walipewa dawa mpya ya selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi, nusu vidonge visivyo na dawa, vinavyofanana hadi rangi. Siku ya kwanza Elinipa aliwaeleza wazazi waziwazi, maana ndiyo sheria. Waliguna, wakatia saini. Juzi majibu yakafunguliwa: makundi yote mawili yamepata nafuu ileile, ndogo. Ni matumaini tu, alisema daktari mkuu. Mtoto akipewa kidonge chochote hujiona amepona. Asubuhi hii barua ya kufunga utafiti ilisainiwa na dawa iliyobaki ikateketezwa. Kwenye mambo ya kufunga, wakubwa hawana uvivu.

Elinipa alilia chooni. Nyumbani Kibaha, pale Kwa Mathias, binti yake Blessing alikuwa kitandani, magoti yamevimba kwa ugonjwa huohuo. Mwaka mzima alikuwa akimwambia, "Vumilia mwanangu, dawa yako inakuja."

Mchana alikwenda Kisarawe kuwaaga wazazi. Aliwakuta kwa Bi Mwanamkuu, bibi yake Naila, mmoja wa wale watoto. Kila mwezi wakishachukua chupa zahanati waliishia kwenye ua huu. Bibi hakuruhusu mzazi yeyote arudi nyumbani bila kupitia hapo kwanza. Elinipa alidhani ni kupenda porojo.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, mwanangu. Mbona macho mekundu?"

Akawaeleza. Dawa haifanyi kazi. Waliopewa na wasiopewa, wote hali moja. Kila kitu kimefungwa.

Wanawake wakatazamana. Mmoja akacheka kidogo, akaacha.

"Sasa wewe ulitaka wapishane?" Bi Mwanamkuu aliuliza kwa upole. Akanyoosha mkono, akatungua ungo ukutani. "Si ulituambia wengine watapewa vidonge visivyo na dawa? Nani hapa angemtazama mtoto wa mwenzake anaumia? Kila mwezi tulimimina chupa zote humu, tukachanganya, tukagawana sawasawa. Mwanangu, hakuna aliyekosa."