Kitabu cha Kuzuia Mlango

Kila alipoingia saluni, binti yule aliuliza soketi iko wapi kabla hata ya kusalimia, ndiyo maana msusi alimwita Chaji. Siku hiyo alichomeka simu yake, akaketi, akainamisha kichwa na kuanza kutazama video za watu wanaocheza. Msusi alikuwa hajamaliza hata msuko wa kwanza umeme ulipokatika. Simu nayo, ambayo ilikuwa bado haijanywa chochote, ikazimika.

Msusi akageuza kiti kuelekea mlangoni, kwenye mwanga, Chaji akakipa kioo kisogo.

Akavumilia kidogo. Akajikuna goti. Akasoma maandishi yote ya chupa ya shampuu, hadi onyo la macho. Mwishowe akanyoosha mkono akaokota kitabu kilichokuwa kikizuia mlango usijifunge, hadithi nene isiyo na jalada, akaweka kandambili mahali pake. Alisema anataka tu kuona watu wa zamani walivumiliaje.

"Basi soma kwa sauti," msusi alisema. "Redio yangu nayo imekufa."

Kilikuwa kisa cha mjane tajiri aliyezika waume watatu, na sasa alikuwa akimtazama dereva wake kwa jicho la huruma. Kufikia sura ya pili, Chaji alikuwa akibadilisha sauti: nzito kwa mjane, nyembamba kwa dereva. Kwenye benchi, mama mmoja mwenye taulo kichwani, ambaye tangu aingie alikuwa akilalamika kwamba ana mgeni jioni na foleni haisogei, akanyamaza.

"Huyu mjane ni mama mkwe wangu mtupu," Chaji alisema.

Akawaeleza. Jioni ile alikuwa anapelekwa kwa mama wa mchumba wake, kijana aliye fundi wa lifti. Mama huyo hajawahi kumwona hata kwa sura, maana mwenyewe hapendi kupigwa picha. Ila alikuwa ametuma salamu kupitia kwa mwanawe, kwamba wasichana wa siku hizi hawawezi kutulia mahali bila simu, na kwamba yeye atamjua mtu kabla chai haijapoa. Mama akimkataa, uchumba umekwisha, maana kijana anamwogopa mama yake kuliko nyaya za umeme. Chaji alisimulia akicheka, lakini kidole chake kilikuwa kikikunja na kukunjua pembe ya ukurasa.

Mama wa taulo alikohoa. Akauliza, kwa upole, huyo mama mkwe anafananaje.

"Simjui, mama. Lakini kwa ninavyosimuliwa, nadhani ana ndevu."

Msusi alidondosha kitana. Mama akainuka, akamnong'oneza msusi jambo, kisha akalivuta benchi karibu na kuketi.

Hadithi ikaendelea. Dereva akaiba funguo za kabati la marehemu. Mjane akajua, akaongeza mshahara. Vidole vya msusi vilikwenda mbio kama cherehani, lakini upande wa kisogoni haukuisha.

"Bado sana?" Chaji aliuliza.

"Una kichwa kikubwa. Soma."

Umeme ukarudi. Redio ikaanza kuimba katikati ya wimbo, msusi akaizima. Simu, iliyokuwa sakafuni chini ya soketi, ikawaka na kutapika ujumbe mfululizo. Chaji akaisukuma kando kwa mguu. Dereva alikuwa ameshika mlango wa kabati. Mjane alikuwa nyuma yake na sinia la chai.

Sura ikakatika hapo hapo. Chaji akainua macho kuvuta pumzi, akaona jua limeshahamia upande wa pili wa barabara.

Akaruka kitini, kitabu kikiwa bado kifuani. Alisema amekwisha, ndoa imemfia kabla ya kuzaliwa, na kwamba kosa lote ni la huyo mjane mchawi. Machozi yakamlengalenga.

"Nitamwambia nini mimi? Kwamba nimechelewa kwa ajili ya kitabu? Mama mkwe atasema nini?"

Mama akavua taulo polepole, akalikunja, akaliweka mapajani.

"Mama mkwe wako anasema keti, uanze sura inayofuata," alisema. "Na wewe msusi, sasa acha kumfumua mwanangu. Nywele zake zilikwisha tangu dereva alipoiba funguo."